Kiti cha Mzee Chumu

Mara mbili Mzee Chumu alimgonga mtu wa kwenye skrini, pale kwenye kivuko cha pundamilia. Akigonga tena katika mtihani huu wa kompyuta, leseni yake ya basi ndiyo kwaheri.

“Mistari inapotea,” alisema.

“Macho yako ndiyo yanayopotea, mzee,” mkaguzi akamjibu.

Mwatumu, binti aliyeitengeneza ile programu ya kupimia madereva, hakucheka. Alikalia kiti kama mzee alivyokiacha, kimepandishwa mpaka mwisho, maana Mungu alimnyima Mzee Chumu urefu akamfidia masharubu. Kiti kikipanda, picha nayo hupanda, na yeye alizoea kuijaribu programu kiti kikiwa chini. Akaendesha. Alipokaribia kivuko, mistari myeupe ikatetemeka, ikamezwa na lami.

“Umesema kweli, baba. Kosa langu. Rangi na lami nimezilaza usawa mmoja, kama wake wenza kitanda kimoja, kila mtu anavuta shuka.”

Kwenye kompyuta akaiinua rangi juu ya lami kwa unene wa ukucha tu. Mistari ikatulia. Mkaguzi akashikwa na kazi ya kufuta miwani yake.

Mzee akaketi, akaenda polepole, akasimama kivukoni. Mama wa kuchorwa akavuka na kapu lake. Alishafika ng'ambo, na Mzee Chumu bado amesimama, mkono juu, anamsalimia.