Sheria ya Kwanza ya Maabara

Kiti cha chuma kilipita juu ya kichwa cha Profesa, kikavunja kabati la joto la kuoteshea seli, na chupa za damu zikapasukia sakafuni. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango, chakula chake cha mchana bado mkononi.

Ndani, watu wawili walikuwa wakiuana. Mwanafunzi wake alikuwa chini, barakoa imechanika, ule mwanya wake wa meno ya mbele umejaa damu. Aliyemkalia kifuani alijifunika kofia na barakoa ya maabara, macho tu ndiyo yalionekana, na alishindilia ngumi bila kupumzika.

Profesa alipiga simu getini huku akipiga kelele. "Umemwingiza nani huku?"

"Hakuna mgeni aliyepita, mama," mlinzi alijibu. "Kapita kijana wako tu. Halafu akapita tena. Nikasema labda kasahau kitu."

"Mzembe we! Panda juu haraka!"

Nafasi ya uzamivu ilikuwa moja tu, na walioililia wangejaza ukumbi. Kazi yenyewe ni kuotesha seli shina, zile zinazozaa damu yote ya mwili, ziongezeke chupani ili siku moja wagonjwa wasihangaike kumtafuta mtu wa kuwatolea uboho, ule ute wa ndani ya mifupa. Profesa alimchagua kijana mwenye mwanya kwa kuwa alikuwa king'ang'anizi. Siku ya kwanza alimpa sheria moja: otesha damu ya yeyote, usioteshe yako. Seli hizi huweza kuharibika zikawa saratani. Za mtu mwingine zikikuingia kwa bahati mbaya, walinzi wa mwili watazijua kuwa ni wageni na kuziua. Zako mwenyewe watazifungulia mlango, nazo zitakumaliza.

"Hii ya nani?" alimuuliza kijana alipoleta damu yake ya kwanza.

"Ya mtu wa nyumbani, Profesa. Amekubali kuchomwa nyonga atolewe uboho."

"Si yako?"

"Haki ya Mungu, si yangu."

Sasa Profesa aling'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akamtandika nao mvamizi mgongoni. Jamaa aliguna, hakuachia.

"Damu ni yangu!" alifoka. "Niliomba nafasi hii hii, sikuitwa hata kwenye usaili. Leo yeye aitwe daktari kwa damu yangu?"

Mkono wake ulipapasa mezani, ukaangukia bomba la sindano lililoandaliwa kwa ajili ya panya. Lilikuwa limejaa seli za damu hiyo hiyo zilizokwisha kuharibika, zile zilizogoma kuacha kuzaliana. Mwanafunzi aliliona, akapiga ukunga ambao Profesa hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima.

"Hiyo usi—"

Sindano ilizama shingoni. Mvamizi alisukuma mpaka tone la mwisho. "Si ulizitaka? Chukua zote!"

Mtungi ulishuka tena, safari hii begani, na mfupa ukalia. Mlinzi aliingia akihema, akamrukia jamaa, akamlaza kifudifudi juu ya vioo, akamkalia.

Profesa alipiga magoti kwenye dimbwi la damu, akamvuta mwanafunzi wake kifuani. Kijana alibana shingo kwa kiganja. Profesa mwenyewe sasa alipata pumzi, na hata kicheko kidogo kilimtoka.

"Tulia, mwanangu, tulia. Ndiyo maana nikaweka sheria. Umesikia mwenyewe, ni damu yake, si yako. Mwili wako utaitafuna yote. Homa kidogo, basi."

Chini ya mlinzi, mvamizi alianza kulia. "Kweli hafi? Niapie, mama. Nilitaka aumie tu, sikutaka afe."

"Hafi," Profesa alimkata kauli. "Wa kuozea jela ni wewe."

Mwanafunzi hakuonyesha kufarijika. Alimtazama Profesa kama mtoto aliyevunja kitu na bado hajasema.

"Sikukudanganya, Profesa," alisema. "Damu si yangu. Lakini mvue barakoa."

Profesa aliona ni maneno ya mtu aliyepigwa kichwani. Hata hivyo alijivuta mpaka kwa mvamizi, akaikamata barakoa iliyolowa machozi, akaivua pamoja na kofia.

Lilikuwa paji la uso lile lile, pua ile ile, kidevu kile kile. Mdomo uliopasuka ulifunguka kwa kwikwi, na kati ya meno ya mbele palikuwa na mwanya.

Mlinzi alimwangalia aliye chini yake, akamwangalia aliyeshika shingo, kisha akamgeukia Profesa.

"Si nilikwambia, mama? Hakuna mgeni aliyepita."