Mtungi wa Chumba cha Cherehani

Unga mweupe ulikuwa umetanda juu ya cherehani zote nne. Hata mshonaji mwenyewe ulikuwa umemtua kichwani, akaonekana kama mtu aliyezeeka tangu asubuhi.

"Karibu, fundi," alisema.

"Asante, fundi," akajibu yule fundi wa mitungi ya kuzimia moto, macho chini kama kawaida yake. "Moto ulikuwa wapi?"

"Moto gani? Hapakuwa na moto."

Moto haukuwapo hata safari zile nne zilizotangulia. Mtungi wenyewe, ambao hutundikwa karibu na pazia la chumba cha kupimia nguo, ulikutwa tena sakafuni, pini imechomolewa, unga wote umemwagika, mshale wa kipimo umelala kwenye nyekundu. Kampuni ya fundi iliuza mitungi kwa maduka, viwanda na ofisi za mji mzima, na huko kote ilikaa ukutani kwa adabu zake mwaka hadi mwaka. Huu tu ndio uliokuwa na kiherehere.

Bosi alikuwa amechoka. "Mtungi hauchomoi pini yake wenyewe," alimwambia fundi akimkabidhi mwingine. "Ama sili zako za kufungia pini ni za ovyo, ama unatuchezea. Na huu ukimwagika, baki hukohuko, usirudi." Fundi alikuwa na miaka kumi na mmoja katika kazi ile, na hakujua nyingine. Aliogopa kweli.

Basi akawa anafagia unga huku akipeleleza. Nani aliingia leo?

"Watatu tu," alisema mshonaji. "Mwalimu wa kwaya, kijana wa suti ya harusi, na mama mmoja mtu mzima ambaye kila mwezi pindo lake lina kasoro. Watu na heshima zao. Nimshuku nani?"

Fundi akapiga hesabu ya mikono, ikabaki miwili tu: ya mshonaji. Mbona kila akija hukuta kiti kimeshafutwa na chai imeshachemka? Mbona akiondoka husindikizwa mpaka barabarani? Na yeye mwenyewe, tangu safari ya pili, kwa nini huanza kwa kunyoa ndevu?

Mama yake hakuacha kumkumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini umri wote huo alikuwa hajainamia kitu isipokuwa mitungi. Akauegemeza ufagio ukutani.

"Najua ni wewe," alisema. "Huna haja ya kuumwaga tena. Nitakuja hata ukiwa umejaa. Na ukinikubali, hata kwenu nitakuja."

Mshonaji alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi.

"Mimi? Mimi nilidhani ni wewe unayezilegeza hizo pini ili upate kurudi. Nikasema moyoni, huyu bwana ana haya, mwache ajifiche nyuma ya mtungi wake." Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Kwetu uje Jumapili. Baba hushinda nyumbani."

Wakatazamana. Kama si yeye, na kama si yeye, basi ni nani? Lakini swali hilo lilikuja wakati mbaya, kwa sababu fundi alikuwa ameshikwa mkono, na mtu aliyeshikwa mkono kwa mara ya kwanza hana nafasi ya upelelezi. Aliutundika mtungi mpya, akakagua sili mara mbili, akasahau spana yake juu ya meza.

Jioni alimkuta mama yake jikoni akimenya viazi. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kumwambia, na yote yakampotea mlangoni.

"Mama," alisema. "Nimepata mchumba."

Mama hakuuliza ni nani, wala ni wa wapi. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akachukua kingine.

"Afadhali," alisema. "Pini zenu ngumu, mwanangu. Ya leo nusura inivunje ukucha."