Maziwa ya Midia

Susana aliyamwaga maziwa nyuma ya choo, akayafukia kwa udongo, kisha akasuuza chupa mpaka harufu ya uchachu ikaisha. Ndani, mumewe alikuwa anaita.

"Susana. Leta soda. Koo imekauka."

Akampelekea. Aliga aliinywa yote bila kupumzika, akafumba macho kama mtoto aliyeshiba. Soda haikukosekana katika nyumba ile: upande wa mbele ulikuwa duka lake la jumla, la sukari na vinywaji, linalojulikana Koboko yote.

Maziwa yaliletwa kila asubuhi na Drani, mdogo wake Aliga, mfugaji wa Midia. Ndiye aliyempeleka kaka yake hospitali Arua tumbo lilipozidi kumsumbua, na ndiye aliyeingia naye kwa daktari. Susana alibaki akilinda duka. Waliporudi, Drani alisimama mlangoni, jirani yao Rejoice akiwa pale na beseni lake la nyanya, akasema kwa sauti:

"Shemeji, sikia vizuri. Daktari nasema sukari hapana. Soda hapana. Dawa hii kila siku, na maziwa ya kuganda, tumbo itarudi. Maziwa mimi nitaleta."

Susana aliitikia, na alikusudia kutii.

Lakini kesho yake alitoka kumwaga majivu, akamwona Drani nyuma ya jiko. Drani alitazama kushoto, akatazama kulia, akatoa kichupa mfukoni na kudondoshea kitu ndani ya maziwa. Akatikisa. Akatazama tena nyuma yake. Susana akarudi ndani kimyakimya.

Upande ule wa nchi mtu huogopa sumu kuliko bunduki, naye Susana aliziogopa zote mbili. Alikuja Uganda akikimbia vita Sudan Kusini, akaolewa na Aliga, na mtoto hakupata. Ukoo ulimwita mgeni. Akimshtaki Drani, nani atamsikiliza?

Alimwambia mumewe peke yake. Aliga alicheka kwa unyonge. "Drani iko ndugu yangu," alisema. Lakini maziwa yale yalimchukiza na soda aliipenda, kwa hiyo hakubisha yalipomwagwa.

Tangu hapo kila kilichopitia mkononi mwa Drani kilitupwa, vidonge navyo. Na kila alichokikataza Drani, Susana alikitoa kwa mkono wake mwenyewe: soda asubuhi, uji wa sukari mchana, chai ya sukari jioni. Mwili ulioguswa na sumu unataka nguvu, aliwaza, na mgonjwa atapata nguvu wapi kama si kwenye sukari?

Aliga akazidi kukonda. Kiu haikukatika, alikunywa na kukojoa, akakojoa na kunywa. Macho yakaingia ndani. Kadiri alivyonyauka ndivyo Susana alivyoamini kwamba sumu ilikuwa imeshamwingia kabla hajagundua, akaongeza vijiko.

Drani aliendelea kuleta maziwa. Hakuuliza kama yananywewa. Alichungulia tu mlangoni, akamtazama kaka yake, akaenda zake.

Siku Aliga aliposhindwa kuitikia jina lake, walimkimbiza Arua. Akafia huko. Daktari alimwita Susana kando.

"Alikuwa anakunywa nini?"

"Soda. Na chai."

"Mama, nilimwambia ndugu yake. Damu ilikuwa imejaa sukari, na vitu vitamu vilikuwa vinalimaliza tumbo. Dawa ingeshusha sukari. Yale maziwa yana vijidudu vizuri, tumbo lingepata nafuu. Hakukuambia?"

"Aliniambia," alisema Susana.

Walimzika Midia. Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Rejoice aliitwa, akasema alichosikia, kwa sababu ndicho alichosikia. Hakuna aliyempigia Susana kelele. Walisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba mwanamke aliyeonywa mbele ya watu na bado akamuua mumewe hawezi kubaki. Duka akapewa Drani.

Ni Drani huyo huyo aliyemsindikiza barabarani, akimbebea begi. Susana hakuweza kuinua macho.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Nilikuona nyuma ya jiko na kichupa. Nilifikiri iko sumu."

"Ilikuwa maji."

Drani aliliweka begi chini taratibu, akapunga mkono kusimamisha pikipiki iliyokuwa inakuja.

"Maji tu, shemeji. Nilisimama pale mpaka miguu ikachoka, nangoja wewe utoke uone."