Mti Uliovaa Kanga

Kwa miaka kumi na miwili, maharusi wa mji ule walicheza wakiuzunguka mti wa mkaratusi uliosimama katikati ya ukumbi, ukiizuia boriti ya zege isizidi kubonyea. Aliyeusimamisha ni Mzee Kibwana, mtunza ukumbi, na kila harusi aliuvika kanga mpya ili usiwatie watu aibu.

Sasa mafundi walikuwa wamefunga nyaya nene za chuma ubavuni mwa boriti, huku na huku, na Injinia Semeni alikuwa akizivuta kwa jeki polepole. Zikishindwa, ukumbi ungevunjwa.

"Mwanangu, kweli waya utainyanyua zege?"

"Ukikazwa, baba. Wewe shika huo mti."

Akaushika. Kwanza hakuhisi kitu. Kisha vumbi likamdondokea begani, na mti ukacheza mkononi mwake kama jino la mtoto.

"Uondoe tu," Semeni akasema. "Haubebi kitu tena."

Mzee Kibwana alitabasamu, akaikaza kanga iliyolegea. Mafundi wakaanza kukusanya vifaa. Yeye akabaki katikati ya ukumbi, ameushika mti kiunoni, kama bwana harusi anayengoja muziki.