Mama Waziri na Daraja la Kapsoget

"Katika kaunti hii hakuna waziri aliyefungua barabara nyingi kunishinda mimi," alisema Janeffer Chemutai, akisimama mbele ya kamati, mikono ndani ya mifuko ya koti. "Hii ya kwenda Roret peke yake nimeifungua mara tatu. Mvua ikinyesha inaondoka, na mimi narudi na mkasi wangu."

Watu wakacheka. Hata wale waliokuja kumfukuza kazi walicheka, na hiyo ndiyo ilikuwa shida ya kugombana na Janeffer. Kabla hujamtukana ameshajitukana mwenyewe, unabaki umeshika hasira yako kama mwavuli siku ya jua.

Kamati ya barabara ya bunge la kaunti ilikuwa imeketi kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, chini ya mabati. Ilibidi waheshimiwa wavuke mto mmoja mmoja juu ya gogo la mkaratusi, kwa sababu daraja la Kapsoget lilikuwa limesombwa na maji. Walipewa viti vya plastiki. Wakulima waliketi juu ya vikapu walivyovipindua.

Swali lilikuwa moja tu. Wiki hii yote, waziri wa barabara na uchukuzi alikuwa wapi? Gavana alikuwa amemtuma Nairobi, akae mlangoni mwa wizara mpaka apewe kibali cha daraja jipya. Kama hakwenda, basi leo leo anarudi Sotik kuuza maziwa, kazi aliyokuwa nayo kabla ya siasa kumpata.

"Mama Waziri," alisema mwenyekiti, Mheshimiwa Chepyegon, "tumepiga simu huko wizarani. Wanasema wageni ni wengi, hawakumbuki sura. Sasa tuambie wewe. Ulienda au hukwenda?"

"Nilienda, Mheshimiwa. Na wasiponikumbuka siwalaumu, sura yenyewe ni hii. Nimekaa kwenye benchi lao mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kila nikiuliza naambiwa, njoo kesho, mama. Nafikiri walidhani nimekuja kudai mahari."

"Na sisi je?" Rodah, mkulima mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliuliza kutoka safu ya mbele. "Chai imejaa shambani, wachumaji hawapatikani hata kwa dawa. Tunachuma wenyewe, tunaleta hapa, lori la kiwanda halivuki, majani yanalala mpaka yanakuwa mekundu!"

"Najua, dada yangu, hata mimi nina kishamba changu cha chai. Jumanne mlikaa na magunia yenu hapa mpaka giza."

"Basi kama unajua, daraja liko wapi?"

Chepyegon aliona nafasi yake, akamwita shahidi.

Shahidi aliitwa Gibson. Alikuja na kofia, koti lililochanika na gambuti, macho yamejaa machozi.

"Mimi ni mkulima wa hapa hapa," alisema. "Wiki nzima nimechuma kwa mikono yangu, tangu alfajiri, na majani yote yameoza. Jumatano nikasema, wacha niende kwa waziri nimlilie. Nikamkuta nyumbani kwake! Hajaenda Nairobi wala wapi. Amekaa barazani, anakunywa chai, miguu juu ya stuli!"

Kelele zikapanda. "Aende! Aende!" Mtu mmoja nyuma akapiga kelele kwamba maziwa ya Sotik yanamngoja.

"Miguu juu ya stuli?" Janeffer alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana ameumia kweli. "Mimi? Wiki hii?"

Alimtazama Gibson kutoka kofia mpaka gambuti. Kisha uso wake ukafunguka.

"Gibson, kijana wangu. Umesema umechuma wiki nzima?"

"Wiki nzima, mama."

Akamwonyesha watu kwa kidevu. "Hebu wainulie mikono hiyo."

Gibson akainua. Ilikuwa mikono misafi, laini, kama ya karani wa benki.

"Nyinyi mnaojua chai," Janeffer akawageukia wakulima, "hebu mnifundishe. Utomvu wa chai ukishika vidole, unatoka kwa sabuni?"

"Hautoki!"

"Ukisugua na majivu?"

"Hautoki!"

"Mtu akichuma wiki nzima, vidole vinakuwaje?"

"Vyeusi!" Wanawake wote wa safu ya mbele wakainua vyao juu, vyeusi tangu kucha mpaka katikati, na kicheko kikatikisa mabati.

Gibson akashusha mikono. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye huuza simu Londiani, ameletwa tu, na hata hilo koti si lake. Alipoulizwa ni nani aliyemleta, akatazama viatu vya mwenyekiti.

Chepyegon alikohoa. Akafunga faili lake haraka. "Kamati haina swali lingine," alisema. "Waziri anaendelea na kazi."

Ikawa sherehe. Vigelegele vikapigwa, vikapu vikapigwa kama ngoma. "Mama! Mama Waziri! Tupungie!" Hata Rodah alisimama akicheza, daraja amelisahau.

Janeffer alicheka mpaka akafuta machozi kwa bega. Hakuwahi kushangiliwa hivyo hata siku ya kuapishwa. Furaha ikamzidi, akachomoa mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti, akaiinua juu kabisa na kuwapungia watu wake.

Makofi yakaanza kufa kutoka safu ya mbele. Rodah ndiye aliyeacha wa mwisho. Alisogea karibu, akaitazama ile mikono iliyokuwa bado hewani, vidole vyeusi mpaka kiungo cha pili.

"Mama," akauliza polepole, "huko Nairobi walikuwa wanachuma chai siku gani na siku gani?"