Korongo Anakunywa

"Kwani nyinyi watu wa taichi mliteguka nyonga siku moja?" Bibi Pang, jirani wa mlango wa pili, alimwuliza Tao Suqin, kikapu cha vitunguu mkononi. "Jana niliwaona kule bustanini na mazoezi yenu ya polepole. Watu kumi na wawili, wote mnayumba upande mmoja kama bata!"

"Hatuyumbi, dada. Ile ni hatua," akajibu Suqin. "Na si ya kila mtu."

"Haya, bata wa heshima."

Suqin hakucheka. Mwanawe alikuwa amekwisha kusema: Mwaka Mpya ukifika mgongo wa Suqin haujapona, mjukuu wake Doudou atahamishiwa kwa bibi yake mzaa mama, mjini Zhengzhou. Ghorofa ya tano, ngazi tupu bila lifti, mtoto wa miaka miwili. Asiyeweza kumbeba atamleaje? Na tangu Suqin afiwe na mumewe, sauti ya mtoto huyo ndiyo iliyomtoa kitandani.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kununua mikate ya mvuke, alisimama kule bustanini, ukingoni mwa mto, nyuma ya Mwalimu Qiao. Mzee huyo hakuwa mtu wa maneno. Ukisimama nyuma yake unafanya afanyavyo, basi. Alipogeuka, nyonga yake ya kushoto ilizama kidogo, halafu ikapanda polepole. Wanafunzi wa zamani waliiita Korongo Anakunywa. Walisema dawa ya mgongo imefichwa humo.

Mwezi wa tisa Suqin alipiga magoti kwenye umande, akamtolea Mwalimu chai kwa mikono miwili, kama afanyavyo mwanafunzi anayejifunga kwa mwalimu wake maisha yake yote. Mwalimu alikitazama kikombe kwa muda mrefu. Kisha akanywa. Kifuniko cha kikombe kilipomponyoka hakukiokota. Alingoja mwingine akiokote, na wote wakaona huo ndio ukubwa.

"Nipe Korongo, Mwalimu," Suqin akaomba.

"Wewe fuata tu."

Akafuata. Mara mia asubuhi, mara mia jioni jikoni, uji wa mtama ukichemka. Wiki ya tatu alishindwa kuvaa soksi.

"Inaniuma, Mwalimu. Kushoto, chini kabisa."

Mzee Lei, mwanafunzi mkongwe, akadakia: "Hujaizamisha vya kutosha, mama! Kuuma ndiko kufunguka. Au unakuja hapa kupunga upepo?"

Wenzake wakacheka. Mwalimu Qiao alisikia yote. Akageukia mto, akaanza upya.

Suqin akaona aibu ya imani yake ndogo. Siku hiyo akazamisha nyonga zaidi.

Wiki moja kabla ya Mwaka Mpya, Doudou alisimama chini ya ngazi akainua mikono. "Bibi, beba."

Suqin akainama. Hakuinuka. Mkwewe aliyekuwa akishuka aliwakuta hivyo, mtoto akilia, bibi ameshika ukuta. Hakugomba. Jioni ile ile alianza kukunja nguo ndogo ndogo, akazipanga sandukuni.

Baada ya mtoto kuondoka, Bibi Pang alimshika Suqin mkono, akampeleka kwa mkandaji wa mifupa nyuma ya soko. "Kaa hapo. Yumo mtu ndani."

Pazia lilikuwa jepesi.

"Ukiizamisha nyonga hivi, bado unapata nafuu?" aliuliza mkandaji.

"Ndiyo namna pekee ya kugeuka bila kupiga kelele. Mwaka wa sita huu, tangu nianguke."

Suqin aliijua sauti ile.

"Na wanafunzi wako hawajagundua?"

"Waligundua. Wakaipa jina." Kitanda kikalia. "Mmoja aliipigia magoti, na chai juu. Ningemwambia nini?"

Suqin aliinuka kwenye benchi, akampita Bibi Pang, akatoka. Kila alipokanyaga, nyonga yake ya kushoto ilizama kidogo, halafu ikapanda polepole.