Maji Baridi Sikioni

Utafiti ulihitaji mtu mwenye afya wa kulinganishwa na wagonjwa wa kizunguzungu, basi daktari akajilaza mwenyewe kitandani.

"Ukinitapikia, dada, utanifulia koti," fundi wa maabara alimtania.

Sikio lenye afya likiingiwa na maji baridi, dunia huzunguka. Mama yake daktari alipopimwa hivyo, alibaki anapiga soga tu. Wote chumbani wakacheka, wakamwita kichwa kigumu. Kumbe masikio yake hayakushika tena mizani ya mwili; baadaye akaporomoka ngazi gizani. Kile kiganja kilichopapasa ukuta, daktari anakisikia mpaka leo.

Tone moja lilimteremka shingoni, likaingia kwenye kola. Dari ilitulia tuli.

"Haya, acha mzaha. Mimina."

Fundi hakucheka. Aliinua bomba la sindano. Lilikuwa tupu.

"Nimeshamimina, dada."